Mirambo: Mtemi aliyeshika njia ya pembe, nguo na barua

Na Mwandishi Wetu

MAELFU ya wakazi wa Dar es Salaam hupita kila siku katika Mtaa wa Mirambo, yalipo majengo pacha ya Benki Kuu, wakiwa na haraka zao za mjini. Mjini Tabora jina hilo hilo limepewa kambi ya jeshi. Aliyelibeba kwanza alikuwa mtemi wa Kinyamwezi ambaye kwa zaidi ya miaka 10 aliamua ni msafara upi upite na upi urudi, ni pembe ipi ifike Bagamoyo na, jambo ambalo husemwa mara chache, ni barua ipi imfikie mwenyewe kwa wakati.

Jambo hili la mwisho ndilo linalompa Mirambo nafasi ya pekee katika historia ya mawasiliano nchini. Vizazi vya karibuni vinakumbuka enzi ambazo mkazi wa Tabora aliyetaka simu nyumbani kwake alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni Shirika la Posta na Simu, lililozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Shirika hilo lilihodhi barua, simu ya upepo na simu ya mezani hadi Januari 1994, lilipogawanywa na kupatikana Kampuni ya Simu Tanzania, Shirika la Posta na tume ya kusimamia sekta hiyo. Katika mijadala ya miaka ile lilirudiwa swali moja: nani ashike njia ya habari, na anayeishika anawadai nini wanaopita?

Unyamwezi ilikuwa imelipigania swali hilo kwa bunduki zaidi ya karne moja kabla.

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa hapo, na kijana mwenyewe aliitwa Mtyela. Hakuna aliyetazamia makuu kutoka Uyowa. Unyamwezi wakati huo ilikuwa nchi ya temi nyingi, nyingine zikiwa na vijiji vichache tu, na mtemi aliyetajwa na wageni wote alikuwa yule wa Unyanyembe, kwa sababu Tabora ilikuwa katika ardhi yake.

Simulizi za Urambo zinaeleza kuwa Mtyela aliishi na Wangoni, waliojulikana huko kama Watuta, waliokuwa wameingia Unyamwezi kutoka kusini katikati ya karne ya 19. Kwao alijifunza kupigana kwa vikosi vya vijana wasio na mke wala shamba, wanaotembea usiku na kushambulia alfajiri, na desturi ya kuwaingiza mateka wa kiume katika jeshi lile lile lililowateka. Jina la Mirambo, lenye maana ya maiti, lilitokana na vita.

Baada ya baba yake kufariki aliurithi utemi wa Uyowa, kisha akauunganisha na ule wa Ulyankulu. Kutoka hapo alianza kuwapiga majirani mmoja baada ya mwingine. Mtemi aliyekubali kumtii aliachiwa kiti chake, na aliyekaidi alipoteza kichwa, nafasi yake ikachukuliwa na ndugu wa ukoo ule ule aliyekuwa tayari kushirikiana na mshindi. Kwa njia hiyo Mirambo alipata dola bila kuwa na maofisa wengi wa kuilinda, jambo lililomsaidia akiwa hai na kuigharimu dola hiyo alipokufa.

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, ni lazima kuitazama njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo msafara ulikwenda magharibi kupitia Usagara na Ugogo, ukafika Tabora baada ya miezi mitatu hivi. Hapo njia iligawanyika. Mkono mmoja ulielekea Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, mwingine ulipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi walibeba nguo za merikani, shanga, waya wa shaba na baruti wakienda bara, na wakarudi na pembe za ndovu. Watumwa walisukumwa katika njia hiyo hiyo. Kila mtemi ambaye ardhi yake ilikanyagwa alidai hongo, neno ambalo leo limebaki na maana ya rushwa lakini wakati huo lilikuwa ushuru halali unaojulikana na kila kiongozi wa msafara.

Njia hiyo ndiyo iliyobeba pia habari zote. Barua ya Balozi wa Uingereza Unguja kwenda kwa msafiri aliyeko Ujiji ilifungwa katika mfuko, ikapewa mpagazi au tarishi, ikapita mikono ile ile iliyobeba shanga. Msafara uliposimama, barua nayo ilisimama.

Wanyamwezi ndio walioifungua njia hiyo. Walikuwa wakishuka pwani na pembe na majembe kabla Waarabu hawajaweka makazi Tabora. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1860 nguvu zilikuwa zimehama. Mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sele, alipojaribu kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Kiarabu waliozoea kupita bure, walimfukuza na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele aliishi porini akivizia misafara hadi alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Tangu hapo Tabora ilikuwa na mtemi aliyejua fika nani amemweka, na liwali wa Sultani wa Zanzibar, Said bin Salim, mtu yule yule aliyewaongoza Wazungu Burton na Speke hadi hapo mwaka 1857.

Huko Unguja kwenyewe forodha ilikuwa imekodishwa kwa nyumba moja ya biashara ya Kihindi, ile ya Jairam Sewji, na baadaye Taria Topan. Mitaji ilitoka kwa Wahindi hao, bidhaa zikapelekwa bara na Waarabu na Waswahili, na faida ikarudi kwa mkondo ule ule. Mnyamwezi alibaki na ujira wa kubeba mzigo na hongo ndogo pale mtemi wake alipokuwa na nguvu ya kuidai. Mirambo aliona mpangilio huo akiwa kijana, na haukumpendeza.

Mwaka 1871 aliukata. Msafara wa Waarabu uliokuwa ukielekea Ujiji ulifika katika nchi yake ukatakiwa kutoa mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Baada ya mabishano marefu, bidhaa zilitolewa. Mirambo alizipokea zote, kisha akauamuru msafara urudi ulikotoka na kutangaza kuwa kuanzia siku hiyo hakuna Mwarabu atakayepita nchini mwake ila juu ya maiti yake. Kwa mizani yoyote ile huo ulikuwa ulaghai. Ulikuwa pia ujumbe kwamba ushuru wa njia sasa utapangwa na mwenye nchi.

Tabora ilijibu kwa jeshi. Agosti 1871 zaidi ya watu 2,000, wakiwemo Waarabu, watumwa wao wenye silaha na wapiganaji wa Unyanyembe, walitoka kwenda kumwadhibu. Katika kundi hilo alikuwemo mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, Henry Morton Stanley, ambaye alikuwa njiani kumtafuta David Livingstone na kuamini kwamba vita hivyo vingekwisha kwa siku chache na njia ya Ujiji kufunguka.

Siku za mwanzo zilimpa haki ya kuamini hivyo. Kijiji cha Zimbizo kilitekwa upesi, na kundi la kijana mmoja wa Kiarabu, Soud bin Said, likaendelea hadi Ulyankulu, likateka kijiji na kuanza kurudi likiwa limelemewa na pembe, nguo na mateka. Mirambo hakuwa amekimbia. Alilala na watu wake katika nyasi ndefu kando ya njia na kuwaacha washindi wafike karibu. Soud na Waarabu wenzake waliuawa, na mateka wakarudi kwa bwana wao. Habari ilipofika Zimbizo, jeshi lote lilitawanyika usiku, kila mtu akijiokoa mwenyewe. Stanley, akiwa na homa, alikimbia pamoja nao.

Wiki mbili baadaye vita vilihamia Tabora kwenyewe. Agosti 22 Mirambo aliingia mjini pamoja na Watuta waliokuwa washirika wake. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wenye heshima kubwa mjini hapo, alitoka kumkabili akiwa na watu wachache huku wengine wakijifungia katika matembe yao. Aliuawa pamoja na vijana waliomfuata. Sehemu ya mji iliteketezwa na pembe zikachukuliwa. Kutoka Kwihara, nje kidogo ya mji, Stanley aliuona moshi huku akitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake.

Humo humo Kwihara ndimo kulikuwa na kielelezo bora kuliko vyote cha maana ya njia kufungwa. Stanley alikuta mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umetumwa kutoka Unguja na Balozi wa Uingereza pamoja na mizigo ya msaada, ukafika Unyanyembe na kukwama hapo. Mzee aliyeandikiwa barua hizo alikuwa akizunguka Manyema kisha Ujiji bila dawa, bila nguo na bila habari ya watoto wake. Stanley aliuchukua mfuko huo, akaizunguka nchi ya Mirambo kwa upande wa kusini na kuufikisha Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Barua zilikuwa zimetumia mwaka mzima katika safari.

Si haki kumtupia Mirambo lawama yote ya kuchelewa huko, kwa kuwa mizigo hiyo iliporwa na kucheleweshwa na waliokabidhiwa hata kabla ya vita. Lakini vita ndivyo vilivyoifunga njia ya kawaida, na tangu hapo kila aliyesubiri neno kutoka bara, awe daktari Mskochi au mkopeshaji wa Kihindi Unguja, alijifunza kulitamka jina la mtemi wa Urambo.

Vita viliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1875. Bei ya pembe Unguja ilipanda, madeni yakalala, Sultani Barghash akatuma askari bara bila mafanikio ya maana. Walioumia zaidi, hata hivyo, hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima wa vijiji vilivyokaa kati ya Tabora na Urambo, ambao mtama wao uliliwa na pande zote mbili na watoto wao wakachukuliwa na yeyote aliyefika kwanza. Ruga-ruga wa Mirambo waliogopwa kuliko simba. Historia ya mtemi huyu haiwezi kuandikwa kwa uaminifu kama kijiji kilichochomwa kitaachwa nje kwa sababu tu aliyekichoma alikuwa akipambana na wageni.

Amani ilipokuja ilikuwa kwa masharti yanayomridhisha. Tabora ilikubali kwamba njia ya magharibi ina mwenyewe. Misafara ilirudi kupita, ikalipa ushuru katika mji wake, na ikapita salama. Hapo ndipo mtu wa pili ndani ya Mirambo alipoonekana, ambaye hakuwa akitaka kuifunga njia bali kuikusanya yote mkononi mwake.

Aprili 1876 alikutana tena na Stanley, safari hii kwa amani, katika kijiji cha Serombo. Stanley alikuja akitarajia kuona jambazi. Alimkuta mtu mrefu wa miaka 35 hivi, mpole wa sauti, asiyekunywa pombe, mwenye kuvaa kama Mwarabu wa heshima. Wawili hao walichanja damu na kuwa ndugu mbele ya Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wa Stanley. Baadaye mwandishi huyo alimlinganisha na Napoleon wa Ufaransa, na jina hilo likasambaa Ulaya kwa njia ya magazeti, likamtangulia Mirambo mahali ambapo yeye mwenyewe asingefika kamwe.

Mirambo alikuwa ameshaelewa jambo moja ambalo wenzake wengi hawakulielewa. Pembe zake zote zilipaswa kupita Tabora, na barua zake zote pia, na Tabora ilikuwa ya maadui zake. Akiwa amewanyang'anya Waarabu sehemu ya njia, bado walikuwa wamemshikia mlango. Dawa aliyoitafuta ilikuwa kuzungumza moja kwa moja na Unguja.

Kwanza alimtumia Philippe Broyon, mfanyabiashara wa Kiswisi aliyeoa katika ukoo wake, kuwa mkono wake katika biashara ya pwani. Kisha aliwakaribisha wamisionari wa London Missionary Society, na mwaka 1879 akampokea Dk. Ebenezer Southon, ambaye alimpa kiwanja cha kujenga karibu na mji wake. Mirambo hakubatizwa na hakuonyesha haraka yoyote ya kubatizwa. Alichokihitaji kwa Southon kilikuwa dawa na kalamu. Mtemi alisema, daktari akaandika kwa Kiingereza, na barua zikaenda kwa Balozi John Kirk zikieleza kwamba mtawala wa Urambo anataka biashara, anataka wageni na anataka njia iliyo salama. Alituma pia wajumbe wake hadi Unguja.

Mwaka huo huo wa 1879 kulitokea jambo pwani lililobadilisha thamani ya kila barua iliyotoka bara. Waya wa simu ya upepo ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji na Durban. Ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na Sultani Barghash aliipokea kampuni hiyo kama alivyopokea meli za moshi na saa za minara. Kabla ya hapo habari ya Unguja ilifika London kwa meli baada ya wiki kadhaa. Sasa ilifika kwa saa. Ajabu ya wakati ule ni kwamba ujumbe wa Mirambo ulitembea kwa miguu kwa wiki nyingi kupita Ugogo, na ukishafika ufukweni ungeweza kuvuka nusu ya dunia kabla ya jua kuchwa. Sehemu ngumu ya safari yote ilikuwa Tabora na Bagamoyo.

Kwa muda mpango wake ulielekea kufaulu. Kirk alianza kumtazama kama mtawala wa kufanya naye kazi, na Barghash hakuwa na sababu ya kuendelea kupoteza fedha katika vita visivyoisha. Mjini Tabora, ndugu wawili, Abdallah na Sheikh bin Nasibu, waliokuwa na nguvu baada ya Said bin Salim kuondolewa mwaka 1878, hawakufurahia hata kidogo. Kama Urambo ingekuwa na mazungumzo yake na Unguja, Tabora ingebaki kituo cha kupumzikia tu.

Wakati huo himaya ilifikia upana wake mkubwa. Mirambo alishika njia ya Ujiji, akaitiisha Uvinza yenye chemchemi za chumvi, bidhaa iliyouzwa katika nchi zote za jirani, na akatafuta uhusiano na Kabaka Mutesa wa Buganda ili pembe za kaskazini nazo zimpitie. Alipatana na mfanyabiashara mkubwa Tippu Tip, ambaye kwa asili ya biashara yake alihitaji njia iliyo wazi kuliko alivyohitaji ushindi wa Waarabu wenzake.

Kilichoangusha mpango huo kilitokea mbali na Urambo. Juni 1880 majeshi ya Mirambo yalishambulia Mpimbwe, kusini-magharibi. Humo walikuwemo Waingereza wawili, Frederick Carter na Thomas Cadenhead, waliokuwa katika utumishi wa mfalme wa Ubelgiji katika jaribio la kutumia tembo waliofugwa kubeba mizigo badala ya wapagazi. Wote wawili waliuawa. Mirambo alijieleza kwamba hakukusudia kuwaua Wazungu na hakutaka kuvunja urafiki, na Southon alimwandikia utetezi huo kwa dhati.

Maelezo yake yalichukua njia ile ile ndefu ya miguu. Yalipofika pwani, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Kirk alikata uhusiano, na Uingereza haikumtazama tena kama mshirika. Mtu aliyetumia miaka mitatu kujenga njia yake mwenyewe ya kusikika aliipoteza kwa asubuhi moja ya vita ambavyo, kwa hesabu zake, vilikuwa vya kawaida. Hapa ndipo ulipo udhaifu wake mkubwa: dola iliyolishwa na uporaji haikuweza wakati huo huo kuwa dola ya barua na mikataba, na wapiganaji aliowalea kwa nyara hawakujua kutofautisha kijiji cha adui na kambi ya mgeni anayehitajika.

Julai 1882 Southon alifariki Urambo baada ya kupigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya na mtumishi wake, katika nchi isiyo na daktari mwingine wa kumtibu kwa wakati. Wamisionari wengine walimfuata, lakini Mirambo hakumpata tena mwandishi na rafiki wa namna ile.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya vita visivyokwisha pande zote, na ya ugonjwa wa koo uliomnyang'anya sauti kidogo kidogo. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka 44 hivi. Ndani ya mwezi huo huo alikufa pia Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu aliyeshika upande wa kusini wa Tabora, na hivyo njia ya kati ikapoteza wababe wake wawili kwa wakati mmoja.

Tofauti ya walichoacha inafaa kutazamwa. Nyungu aliacha watumishi wa utawala aliowateua mwenyewe katika kila eneo, na dola yake ilidumu chini ya binti zake hadi Wajerumani walipofika. Mirambo aliacha jina. Ndugu yake Mpandashalo alirithi kiti, lakini watemi walioachwa katika nchi zao walikumbuka upesi kwamba walikuwa watemi kabla yake, na mmoja mmoja walijitoa. Ushuru wa njia ukatawanyika tena, kila kilima na hongo yake.

Mlango wa Tabora haukurudi kwa Waarabu pia. Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha hapo bendera ya Ujerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa adui wa Mirambo, ndiye aliyebaki kupigana. Januari 1893 ngome yake ilipoingiwa, alijilipua kwa baruti pamoja na familia yake kuliko kukamatwa.

Serikali mpya ilichukua kila kitu ambacho Urambo na Tabora ziligombania, yaani njia, ushuru, posta na simu, ikavifanya mali ya serikali. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiwa na nguzo za waya kando yake, na ikapita katika nchi ya Mirambo, ambako treni husimama katika stesheni yenye jina la Urambo. Safari ya pwani iliyomchukua mpagazi miezi mitatu ikawa ya siku chache. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa wameijenga njia kwa mabega yao, walianza kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge.

Tembe la Kwihara, mfuko wa barua ulipokwamia, limehifadhiwa kama makumbusho ya Livingstone. Wageni hutoka mjini kwenda kuona alipolala Mskochi huyo mwaka 1872, akisubiri kwa miezi wapagazi kutoka pwani huku vita vya Mirambo vikiendelea jirani.